Jicho la Pili

Simu ya karakana ililia Ijumaa saa tatu asubuhi, na Eladio Moyano akaipokea yeye, maana kwa miaka kumi na minane simu hiyo ilikuwa ikilia kwa ajili yake.

"Don Eladio! Umeamkaje?" Ilikuwa sauti ya daktari Ludueña, yule mama mpasuaji wa mifupa.

"Salama, daktari. Nilikuwa nakungoja. Ni habari ya ile nyonga ya Unquillo, siyo?"

"Hiyohiyo. Hebu nipe Belén."

Nipe Belén. Hakuuliza hata hali ya magoti yake, mambo ambayo zamani walikuwa wakiyazungumza robo saa kabla ya kugusa kazi. Eladio akaziba simu kwa kiganja na kumwita msichana aliyekaa meza ya dirishani, kisha akarudi kwenye kiti chake na kujifanya anasoma karatasi. Masikio yake yote mawili yalibaki kwenye simu.

"Ndiyo, daktari... Upande wa nyuma uwe laini, nimekuelewa. Ili msuli usisuguliwe... Mpaka saa sita itakuwa tayari. Usijali kabisa." Belén Tissera akacheka kidogo. "Na mimi pia, daktari. Busu."

Busu! Eladio alikuwa amemtengenezea mama yule mifupa ya chuma mia mbili na zaidi, na hajawahi hata siku moja kuagwa kwa busu la simu.

Husemwa kwamba hasidi hana sababu. Waliosema hivyo hawakumjua Eladio, maana yeye sababu alikuwa nazo tele, na kila siku aliongeza nyingine. Aliingia karakana ile ya mtaa wa San Vicente, Córdoba, akiwa mkereza vyuma, kijana wa tupa na grisi. Alizipinda kwa mkono bamba za kuungia mifupa kabla mashine haijaja. Mashine ilipokuja, ile inayotandaza poda ya titani tabaka jembamba juu ya tabaka na kuiyeyusha kwa leza mpaka mfupa ukainuka kutoka kwenye vumbi, wenzake wa rika lake waliikimbia. Yeye akakaa nayo, akajifunza kompyuta akiwa na miaka arobaini, macho yakimtoka machozi. Picha ya mtu wa kwanza kutembea kwa nyonga yake ilitundikwa ukutani juu ya jagi la maji. Halafu miaka miwili iliyopita akaja Belén, na shahada yake, na miaka yake ishirini na saba.

Kibaya zaidi, binti huyu alikuwa anajua kazi. Angekuwa mzembe Eladio angempenda. Angemfundisha, angemfunika makosa, angemwita mwanangu. Lakini Belén alikuwa hodari, na tena hodari kwa namna ambayo Eladio hakuwa nayo.

Mfupa si mjinga. Ukiuwekea ukuta laini wa chuma, unaugeuzia mgongo. Ukiuwekea vitundu vya kadiri yake, unaingia, unajenga humo, na baada ya miezi michache huwezi kusema chuma kinaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Eladio alijua hayo zamani. Vitundu vyake vilikuwa sawasawa vyote, safu kwa safu, na vilifanya kazi. Vya Belén vilibadilika. Pale mfupa unapotakiwa kuingia vilikuwa vikubwa, pale uzito wa mwili unapopita vilijikaza na kuwa vidogo, na kutoka huku hadi kule hukuona mpaka. Mara ya kwanza alipoona kazi hiyo kwenye skrini, Eladio alisimama nyuma ya kiti cha msichana. Ilikuwa nzuri. Alikwenda msalani akafungua bomba ili asisikike, akatukana.

Saa nne Chichilo, mtu wa tanuri, alileta kibuyu cha yerba, ile chai chungu ya majani inayofyonzwa kwa mrija na kupokezanwa. Chichilo ndiye aliyemimina maji siku zote na ndiye aliyewapa watu majina. Eladio aliitwa naye Mwewe, kwa sababu ya macho yake makali. Chichilo alifyonza cha kwanza mwenyewe, kama ilivyo desturi ya mmiminaji, akajaza tena, akampa Belén. Zamani cha pili kilikuwa cha Eladio.

"Sikilizeni hii," Belén alisema, akainua simu yake ya mkononi. "Daktari amenitumia. Ni Doña Nilda mwenyewe, kutoka hospitali."

Doña Nilda Carreras alikuwa mwoka mikate wa mji mdogo wa Unquillo. Nyonga yake ya zamani ilikuwa imeoza kwa usaha, ikatolewa, na sasa alikuwa na wiki ya saba kitandani bila nyonga yoyote, akingoja mpya itengenezwe kwa kipimo cha mwili wake.

"Mwambieni huyo msichana anayenitengenezea mfupa," ilisema sauti nene ya mwanamke, "afanye upesi kwa jina la Bikira! Wifi yangu ndiye anashika tanuri langu. Jana ameniletea kimkate cha criollito nionje. Jiwe! Watu wa Unquillo wananunua mawe na kusema ahsante! Mimi nimelala hapa nasikia harufu ya mkate kwenye nguo zake, roho inaniuma jamani, inaniuma. Mwambieni huyo msichana Mungu amlinde mikono."

Chichilo alicheka mpaka maji ya moto yakamdondokea kidoleni. "Wivu wa tanuri huo! Mama hana nyonga lakini wivu anao mzima!"

Eladio hakucheka. Huyo msichana. Mpaka wagonjwa sasa walijua.

Saa sita na dakika kumi Belén alimletea karatasi. Katika karakana ile hakuna mfupa ulioingia mashineni bila jicho la pili: aliyeuchora hasaini peke yake, mwingine lazima aupitie mchoro wote na kuweka jina lake kwa wino wa buluu. Jicho la pili lilikuwa Eladio. Heshima hiyo hakuna aliyeigusa.

"Samahani Don Eladio, nimekimbizana kidogo. Ule upande wa nyuma nimeufunika kwa ngozi laini ya chuma, kama alivyotaka daktari. Najua ni saa ya kula. Ukitaka tuupitie pamoja?"

"Nenda ukale, mwanangu. Miye sina njaa."

Aliugeuza mfupa kwenye skrini, taratibu, huku na huku. Alitafuta kosa kama mtu atafutavyo sindano aliyoikalia. Na alipofika upande wa nyuma, pale palipofunikwa ngozi mpya, aliliona, tena mara moja.

Nyuma ya ile ngozi kulibaki chumba. Kidogo, cha kuweza kuingia kidole gumba, kimejaa vitundu na kimezibwa pande zote. Hakikuwa na mlango. Mashine inapojenga mfupa, kila uwazi hujaa poda isiyoyeyushwa, na poda hiyo lazima itoke kwa brashi na mtetemo kabla mfupa haujaingia tanuri. Isipotoka, moto wa tanuri huishika ikawa bonge, nusu chuma nusu vumbi, na hakuna wa kuitoa tena. Na hakuna mpasuaji mwenye akili atakayemwekea mtu mwilini kitu kinachoweza kumwaga chembe za chuma. Kompyuta haikulalamika kwa sababu kwake uwazi ni uwazi tu. Haijui habari za vumbi. Hilo ni kosa ambalo kila mtu wa kazi ile hulifanya mara moja. Hata Eladio alilifanya, mwaka wake wa kwanza na mashine, na mzee Peirano, baba yake bosi wa sasa, alimwinamia sikioni akamwambia, "Mlango, kijana. Sahau vyote usisahau mlango." Hakumwambia mtu mwingine. Alikufa na siri hiyo.

Eladio akainuka, akatazama dirishani. Belén alikuwa uani amekaa juu ya kreti, anakula sandwichi ya nyama, akiongea kwenye simu na kucheka. Ilitosha kugonga kioo.

Hakugonga. Na msidhani alitaka kumdhuru Doña Nilda. Alikuwa na hesabu yake nzuri kabisa. Jumatatu asubuhi mfupa ungetoka mashineni. Kabla ya tanuri desturi ni kuuweka mzanini na kulinganisha na uzito uliotajwa na kompyuta. Ungezidi, kwa ajili ya poda iliyofungiwa. Daktari Ludueña alikuwa ameahidi kuja saa nne kuuona. Wote wangesimama pale wakikuna vichwa, na Belén angekuwa mwekundu, ndipo yeye angesogea polepole, aweke kidole mahali hasa, na kusema: hapa. Tundu moja dogo la kekee, poda ingemwagika yote, mfupa ungepona. Mgonjwa hapotezi kitu, na binti anapata somo. Na daktari angemwangalia yeye kama zamani.

Akachukua kalamu ya buluu akasaini. Hata aliurembesha mkia wa herufi ya mwisho.

Jumamosi na Jumapili mashine ilijenga mfupa bila mtu, na Eladio alikaa nyumbani akiyapanga maneno. "Hapa" peke yake, au "Nadhani ni hapa"? Alichagua "hapa" peke yake. Jumatatu akavaa shati la mstari, na kwa kuwa muda ulikuwepo, akapitia kwa kinyozi.

Wivu una mambo. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, anakwenda kunyoa ndevu ili apendeze siku ya aibu ya mwenzake! Na kinyozi Abdala, ambaye mtaa mzima ulimwita Turco, alikuwa mtu asiyeweza kusema na kunyoa kwa wakati mmoja. Kila penalti ya mechi ya Jumapili aliisimulia na wembe ukiwa hewani.

"Maliza basi, Turco, nina miadi."

"Na mwanamke?"

"Na mzani."

Alifika karakana saa nne kasoro dakika tano, akinukia manukato. Mzani ulikuwa mtupu. Chichilo alikuwa ameegemea tanuri, na tanuri lilikuwa likinguruma.

"Lo, Mwewe! Unaoa leo?"

"Nyonga iko wapi?"

"Ndani. Daktari kapiga simu saa mbili na nusu, chumba cha upasuaji kimepata nafasi keshokutwa badala ya Ijumaa. Anasema haji tena, tuharakishe. Bosi kasema tia moto."

"Mmepima?"

"Msichana alitaka kupima. Mzani ulikuwa haujawashwa, unajua unavyochukua muda kutulia. Nikamwambia, nani kasaini? Eladio? Basi, sahihi ya Eladio ndiyo mzani." Chichilo akampiga bega. "Miaka kumi na minane, kaka. Tusipokuamini wewe tumwamini nani?"

Kwenye kioo cha tanuri namba zilisoma digrii mia mbili na themanini. Poda ya titani haishikani mpaka moto ukaribie mia saba. Eladio alilijua hilo kama jina la mkewe. Lilitosha neno moja tu: zima. Wangelizima, wangengoja lipoe, wangefungua, wangetoboa, na keshokutwa mama wa mikate angepata nyonga yake.

Lakini angesemaje? Mfupa hajauona, uko ndani. Mzani haujasema kitu. Angejuaje, kama hakujua tangu Ijumaa?

Alikwenda mezani akafungua mchoro, akiomba Mungu awe amekosea. Aliuzungusha akitafuta mlango, hata wa upana wa unywele. Hakuuona. Aliporudi tanurini zilikuwa mia tatu na arobaini.

Belén alikuwa amesimama pale na daftari lake. "Don Eladio, ahsante kwa Ijumaa. Nilikuwa na wasiwasi nikifanya haraka vile. Lakini nikasema, wewe umeupitia, basi nimelala usingizi."

Msichana wa watu alisema hivyo kwa moyo mweupe. Na Eladio, badala ya kuona huruma, aliona hasira: hata shukrani yake ilikuwa nzuri.

"Kazi nzuri," akasema.

Mia nne. Alikunywa yerba akakirudisha kibuyu nusu. Mia nne na tisini. Bosi Peirano alipita akaulizia mambo ya kiyoyozi, Eladio akamjibu kwa kirefu. Mia tano na themanini. Alijiambia pengine ni poda kidogo, pengine daktari hatajali, pengine Belén ndiye wa kujua, si yeye ndiye aliyechora? Mia sita na arobaini. Akaenda msalani, akakaa humo juu ya kifuniko, akihesabu vigae vya ukutani. Alipotoka zilikuwa mia saba na kumi, na hapakuwa na cha kusema tena. Alishangaa kujikuta amepata nafuu.

Jumanne asubuhi Belén aliupima mfupa mwenyewe. Akaupima tena. Mara ya tatu alivua pete zake zote, kana kwamba pete ndizo zilizozidisha.

Umezidi gramu kumi na tisa.

Saa tano picha ya eksirei ilikuwa mezani kwa bosi: ndani ya mfupa wote wenye vitundu, bonge moja jeupe, limejaa pomoni. Daktari Ludueña alikuja na koti la hospitali bado mwilini. Aliitazama picha, akaketi.

"Siwezi kuuweka huu," alisema. "Kujenga mwingine, tanuri, kusafisha, na nafasi nyingine ya chumba... wiki tatu. Asubuhi nimemwambia atasimama kabla ya Jumapili. Ameniambia nimletee aproni yake."

Belén alikuwa akilia bila kujificha, kamasi na yote. "Ni mimi. Sikuweka mlango. Kitu cha mwaka wa kwanza! Nilifunga ngozi nikasahau mlango. Mniondoe tu, bosi, niandikieni barua niende."

"Hakuna anayeondoka," alisema Peirano. "Kila mtu hulifanya hilo mara moja. Ndiyo maana tuna jicho la pili." Akakohoa, akatazama viatu vyake. "Na jicho la pili halikuliona."

Hawakumtazama Eladio, walijizuia wasimtazame, kwa adabu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nami nina kosa," Chichilo akasema kwa upole ambao hakuwa nao kawaida. "Ningepima. Lakini Mwewe naye... mzee, kusema kweli, hukuliona? Lipo wazi kama pua."

"Muacheni," daktari alisema. Akaweka mkono juu ya bega la Eladio, na sauti yake ilikuwa ileile tamu ya zamani, iliyokuwa ikiuliza habari za magoti. "Don Eladio, usijilaumu. Macho ya sote huchoka. Hata mimi, mishono midogo nawaachia vijana sasa. Belén, futa machozi. Kama hata Don Eladio hakuliona, basi halikuwa rahisi kuonekana."

"Nilikuwa nafikiria," Peirano aliendelea, akichagua maneno kama mtu anayepita kwenye vioo, "jicho la pili apewe Belén. Kwa kazi za wengine. Wewe, Eladio, umefanya ya kutosha. Upumzike kidogo na hizi skrini. Si aibu, jamani. Umri ni umri."

Belén aliinua uso uliolowa. Alimtazama Eladio, na machoni mwake mlikuwa na kitu ambacho alikuwa hajawahi kukiona humo kwa miaka miwili. Alikuwa akimwonea huruma.

Hilo ndilo Eladio hakuweza kulibeba. Wiki tatu za mama yule alikuwa tayari kuzibeba, alishazibeba tangu jana. Lakini aonewe huruma na huyu, aitwe kipofu na huyu!

"Niliona!" alipiga kelele. "Macho yangu hayana ubovu! Ijumaa, saa sita na robo, sikukaa hata dakika mbili. Nyuma ya ngozi, upande wa kushoto, juu ya skrubu ya tatu. Nyinyi mmehitaji eksirei. Mimi niliona kwa kutazama tu!"

Mkono wa daktari uliondoka begani mwake.

"Uliliona," Belén alisema taratibu, kama anayesoma kwa mara ya kwanza, "halafu ukasaini."

Eladio bado alikuwa amenyoosha kidole juu ya picha, akiwaonyesha mahali hasa.